Kopo Lisilouzwa Lililoangusha Bia: Kwa Nini Matangazo Yenye Watu Waliobadili Jinsia Huwasha Moto

Aprili 2023 kampuni mbili kubwa za Marekani zilijikuta kwenye kelele moja kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Dylan Mulvaney, mwigizaji aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 10 TikTok, ambako tangu Machi 2022 alikuwa akisimulia siku baada ya siku maisha yake mapya kama mwanamke. Bud Light ilimlipa atengeneze video fupi ya Instagram. Nike ilimpa avae nguo zake za mazoezi za wanawake. Zote mbili zilitukanwa, na watu wakahimizana kuzisusia zote mbili. Kufikia Juni, Bud Light ilikuwa imevuliwa taji la bia inayoongoza kwa mauzo Marekani, taji ililolishikilia kwa zaidi ya miaka 20. Nike nayo, katika robo mwaka iliyoishia Mei, mapato yake yalipanda kwa asilimia 5.

Kama hasira peke yake ndiyo ingekuwa inaangusha biashara, zote mbili zingeanguka. Ilianguka moja. Ndiyo maana swali la kama watu walikasirika halitufikishi mbali, kwa sababu watu hukasirika kila wiki mitandaoni na biashara huendelea. La maana zaidi ni kujua hasira hufuata njia gani mpaka ikaingia kwenye hesabu za kampuni, na wakati gani hupotelea njiani.

Tuanze na kilichotokea, maana kimesimuliwa vibaya mara nyingi. Kopo lenye picha ya Mulvaney halikuwahi kuwekwa kwenye rafu ya duka lolote. Lilitengenezwa kama zawadi, kumpongeza kwa kutimiza mwaka mmoja tangu aanze simulizi zake. Video aliyoirusha Aprili 1 ilihusu shindano la Bud Light la msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo, lenye zawadi ya dola 15,000. Haikurushwa kwenye televisheni wala kubandikwa barabarani. Siku mbili baadaye mwanamuziki Kid Rock alirusha video yake mwenyewe akimiminia risasi makasha ya Bud Light, na kuanzia hapo mamilioni ya watu ambao wasingeiona video ya kwanza wakawa wanaijadili. Wengi waliamini kwamba bia yao sasa inauzwa kwenye makopo yenye uso wa Mulvaney.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba utangazaji umebadilika. Zamani kampuni ingeweza kusema na kundi moja la wateja bila kundi jingine kusikia. Miaka ya 1990 Subaru iligundua kwamba magari yake yanapendwa na wanawake wasagaji, ikawatengenezea matangazo yenye mafumbo: namba za gari zilizoandikwa kwa namna ambayo wahusika wangeelewa na wengine wangepita tu. Lilikuwa tangazo moja lenye maana mbili, na kila mtu alichukua yake. Bud Light nayo ilikuwa na historia ndefu ya kutangaza kwa wateja hao. Mwaka 2019 ilitoa hata chupa za rangi za upinde wa mvua. Dhoruba ya ukubwa wa 2023 haikutokea, kwa sehemu kubwa kwa sababu ujumbe ulibaki kwa waliolengwa.

Mitandao ya kijamii imebomoa ukuta huo. Cha kushangaza ni kwamba kampuni zilidhani mitandao ndiyo ingeuimarisha: unamlipa mshawishi mwenye wafuasi vijana, naye anasema nao tu. Lakini mitambo inayopanga nini kionekane kwenye simu ya mtu hupenda sana kitu kinachokera. Tangazo linalolengwa kwa wanaolipenda husafirishwa bure, tena haraka, mpaka kwa wanaolichukia.

Kwa nini basi Bud Light ilihitaji vijana hao? Kwa sababu mauzo yake yalikuwa yakishuka kwa miaka mingi kabla ya Mulvaney. Kiongozi wa masoko wa chapa hiyo alilisema hilo wazi kwenye podikasti kabla mzozo haujaanza: kwamba bia inadidimia, kwamba isipovuta wanywaji vijana haina mustakabali, na kwamba ucheshi wa matangazo yake ya zamani ulikuwa wa kivulana na umepitwa na wakati. Kibiashara hakukosea. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti wa maoni ya Marekani, wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 1.6 ya watu wazima Marekani walijitambulisha kama waliobadili jinsia au wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake, lakini kwa walio chini ya miaka 30 kiwango hicho kilikuwa takriban asilimia 5. Anayetafuta wateja wa miaka 20 ijayo ataziona namba hizo. Tatizo ni kwamba wanaonunua leo waliyasikia mahojiano hayo baada ya moto kuwaka, wakaelewa kwamba bia yao inawaona wao wenyewe kuwa ndio waliopitwa na wakati. Naamini mahojiano yale yaliumiza kuliko kopo.

Namba hizohizo zina upande mwingine. Kundi likiwa dogo hivyo, watu wengi humjua mtu aliyebadili jinsia kupitia skrini tu. Anayetokea kwenye tangazo anabebeshwa kundi lote mgongoni. Tena mwaka 2023 suala hili lilikuwa katikati ya siasa za Marekani: kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya majimbo 20 yalikuwa yamepitisha sheria za kuzuia watoto kupewa matibabu ya kubadili jinsia, na mabishano juu ya michezo ya wanawake yalikuwa kila mahali. Mulvaney mwenyewe alikuwa ameshakaa na Rais Joe Biden Ikulu, Oktoba 2022, akimhoji. Kampuni ilidhani imemkodi mchekeshaji wa mtandaoni. Kwa nusu ya nchi, ilikuwa imemkodi mwanasiasa.

Waliokasirika nao hawakuwa kitu kimoja, na ni uvivu kuwatia wote kapu moja. Wapo wasiokubali kabisa kwamba mtu anaweza kubadili jinsia, kwa imani ya dini au kwa msimamo mwingine, nao huliona tangazo kama somo wanalolazimishwa. Wapo wasiojali jirani anaishije ila wamechoka kufundishwa maadili na wauza bia. Wapo wanawake waliohoji kwa nini sidiria ya michezo itangazwe na mtu asiyezaliwa mwanamke. Sharron Davies, muogeleaji wa zamani wa Olimpiki kutoka Uingereza, aliitisha Nike isusiwe kwa hoja hiyo. Na wapo wanaochukia tu, waliomtishia Mulvaney na viwanda vya bia. Kisha wakaja wanasiasa. Seneta Ted Cruz na Seneta Marsha Blackburn waliandika barua wakitaka ichunguzwe kama Bud Light ilikuwa ikiwatangazia watoto. Lakini Donald Trump Jr. aliwasihi wahafidhina waache kuisusia kampuni hiyo, akikumbusha kwamba huwachangia fedha wanasiasa wa Republican. Hawakumsikiliza.

Sasa turudi kwenye fumbo la bia na viatu. Mnywaji wa Bud Light anayetaka kuiacha anafanya nini? Ananyoosha mkono sentimita 30 kwenye jokofu lilelile la duka na kuchukua Coors Light au Miller Lite, bei ileile, ladha ambayo wengi wangeshindwa kuitofautisha wakifumbwa macho. Hakumgharimu kitu. Mpenzi wa viatu vya Nike anaupenda mfano fulani, ana saizi inayomkaa, na pengine hanunui tena kwa miezi minane. Kufikia siku hiyo hasira imeshapoa.

La pili ni kuonekana. Bia hunywewa mbele za watu. Kushika kopo la Bud Light kwenye mkusanyiko katikati ya 2023 kulikuwa kutangaza upande, hata kwa mtu asiyejali kabisa, na wengi waliiacha kwa kukwepa utani wa marafiki zao. Kususia kwa siri kwenye kikapu cha sabuni hakuna shinikizo la namna hiyo.

Hili si jipya, na upande wa pili ndio ulioligundua mapema. Miaka ya 1970 baa za wapenzi wa jinsia moja San Francisco ziliacha kuuza bia ya Coors, katika mgomo ulioanza na madereva wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters na kuungwa mkono na Harvey Milk, mwanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja wa jiji hilo. Coors ilikuwa ikilaumiwa kwa kuwapima wanaoomba kazi kwa mashine ya kutambua uongo na kuwauliza mambo ya chumbani. Mwaka 1977 baa hizohizo ziliondoa juisi ya machungwa ya Florida kwenye vinywaji vyao, kwa sababu sura yake kwenye matangazo ilikuwa mwimbaji Anita Bryant, aliyeongoza kampeni ya kufuta sheria ya kuwalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi katika kaunti ya Dade, Florida. Mkataba wake na wakulima wa machungwa haukufika mbali baada ya hapo. Kinywaji, baa, marafiki mezani: silaha ni ileile, imebadilishana mikono tu. Na Coors, ambayo baadaye ilijirekebisha ikawa miongoni mwa wafadhili wa sherehe za jamii hiyo, ndiyo waliyoikimbilia wengi wa waliotoroka Bud Light.

Kejeli nyingine iko kileleni. Katika wiki nne zilizoishia Juni 3, 2023, bia iliyoipita Bud Light kwa thamani ya mauzo ya rejareja ilikuwa Modelo Especial, ya Meksiko: asilimia 8.4 ya soko dhidi ya asilimia 7.3. Nje ya Marekani, Modelo ni mali ya AB InBev, mwenye Bud Light. Ndani ya Marekani huuzwa na Constellation Brands, kwa sababu AB InBev ilipoinunua Grupo Modelo mwaka 2013, serikali iliilazimisha iachie haki hizo ili ushindani usife. Na mwaka uliofuata, 2024, Bud Light ilisukumwa hadi nafasi ya tatu na Michelob Ultra, ambayo inatengenezwa na kampuni ileile. Msusiaji mwenye hasira za kweli alipaswa kusoma maandishi madogo chini ya kopo.

Susio nyingi hazidumu. Mwaka 2020 mkuu wa kampuni ya vyakula ya Goya alimsifu Donald Trump. Wapinzani wake wakaitisha susio, wafuasi wakaitikia kwa kununua kwa makusudi. Watafiti watatu wa masoko, Jura Liaukonytė, Anna Tuchman na Xinrong Zhu, walipozipitia hesabu walikuta mauzo yalipanda kwa asilimia 22, kisha ongezeko lote likayeyuka ndani ya wiki tatu. Watafiti haohao walipoichunguza Bud Light walikuta kitu tofauti: katika miezi mitatu iliyofuata mzozo ununuzi ulikuwa chini kwa takriban asilimia 28, na karibu mwaka mzima baadaye haukuwa umerudi. Katika robo ya pili ya 2023 mapato ya AB InBev nchini Marekani yalishuka kwa asilimia 10.5. Dunia nzima ikijumlishwa, kampuni iliendelea kukua. Bia huuzwa sehemu nyingi ambako jina la Mulvaney halikuwa na uzito wowote.

Wepesi wa kubadilisha na kuonekana vinaeleza sehemu kubwa ya anguko hilo, lakini havilielezi lote. Lililobaki ni jinsi kampuni ilivyojibu. Kwa wiki mbili ilikaa karibu kimya. Aprili 14, mkurugenzi mtendaji wa Anheuser-Busch, tawi la AB InBev la Marekani linalotengeneza Bud Light, Brendan Whitworth, alitoa taarifa akisema hawakukusudia kuwa sehemu ya mjadala unaowagawa watu, na kwamba kazi yao ni kuwakutanisha watu kwa bia. Mulvaney hakutajwa. Viongozi wawili wa masoko wakapewa likizo. Waliosusia walitaka kampuni iombe radhi, haikuomba. Waliomtetea Mulvaney walitaka asimamiwe, hakusimamiwa. Baadhi ya baa za wapenzi wa jinsia moja Chicago ziliondoa bia zake, na shirika la haki la Human Rights Campaign likasimamisha alama za juu ambazo lilikuwa limeipa kampuni hiyo. Nike, kwa kulinganisha, iliwaambia wateja wake wawe wakarimu kwa wenzao, ikaendelea kuuza viatu.

Mwishoni mwa Juni Mulvaney alivunja ukimya. Alisema kampuni haikumtafuta hata mara moja, kwamba kwa miezi alikuwa akiogopa kutoka nyumbani, na kwamba kumwajiri mtu aliyebadili jinsia kisha kushindwa kusimama naye hadharani ni kubaya kuliko kutomwajiri kabisa. Katika mabishano yote ya asilimia na hisa, hii ndiyo gharama ambayo haikuingia kwenye taarifa ya fedha ya mtu yeyote.

Ipo hadithi ya zamani inayofaa kuwekwa kando ya hii. Miaka ya 1970 Tracey Norman, mwanamitindo mweusi kutoka Newark, alikuwa uso kwenye pakiti ya rangi ya nywele ya Clairol. Picha yake ilikaa kwenye rafu kwa miaka, wanawake wakanunua rangi ile wakitaka kufanana naye. Mwaka 1980, akiwa kwenye kazi ya jarida la Essence, ikajulikana kwamba alizaliwa mvulana, na kazi zikakatika. Akaenda kutafuta maisha Ulaya. Rangi ilikuwa ileile na uso uleule. Clairol ilimrudisha kwenye matangazo yake mwaka 2016, safari hii ikijivunia historia yake. Anayesema kwamba nyuso hizi haziwezi kuuza bidhaa anapaswa kueleza miaka ile ambayo picha yake ilikaa rafuni.

India nayo inaonyesha kwamba jibu la wanunuzi halijapangwa mbinguni. Mwaka 2017 Vicks, dawa ya mafua, ilitoa tangazo kuhusu Gauri Sawant, mwanamke aliyebadili jinsia, akimlea binti aliyempoteza mama. Binti anasimulia, na mwisho anasema hatakuwa daktari, atakuwa mwanasheria kwa ajili ya mama yake. Wengi walilia. Gauri alikuwa miongoni mwa walalamikaji wa kesi ya 2014 ambamo Mahakama ya Juu iliitambua jinsia ya tatu, katika nchi ambako jamii ya hijra, watu wasiohesabiwa kuwa wanaume wala wanawake, ni ya karne nyingi. Mei 2023 Starbucks ikatoa tangazo la baba anayempokea binti yake mkahawani kwa jina lake jipya. Nalo lilikuwa la machozi, na nchi ni ileile, lakini mara hii kulikuwa na wito wa kususia na lawama zilizofanana mno na zile za Marekani mwezi mmoja nyuma. Mabishano yenyewe yalikuwa yameshakuwa bidhaa ya kusafirishwa nje.

Tahadhari moja kabla ya kuhukumu kwa namba. Gillette ilitoa Mei 2019 tangazo la kijana wa Toronto aliyebadili jinsia akifundishwa na baba yake kunyoa ndevu kwa mara ya kwanza. Julai mwaka huo mwenye Gillette, Procter & Gamble, akaandika hasara ya dola bilioni 8 kwenye thamani ya chapa hiyo, na wapinzani wakashangilia. Hasara hiyo ilikuwa ya kihasibu, na kampuni iliieleza kwa mabadiliko ya thamani ya sarafu, washindani wapya na wanaume kuacha ndevu zikue. Duka la Target ni gumu zaidi kulisoma. Mei 2023 lilishambuliwa kwa bidhaa zake za mwezi wa Pride, yaani sherehe za wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Uvumi ulisema linauza nguo za kuogelea za kuficha maumbile ya watoto, ilhali zilikuwa za watu wazima tu. Wafanyakazi walitishiwa, na baadhi ya bidhaa zikaondolewa. Mauzo linganifu ya robo hiyo, yaani yasiyohesabu maduka mapya, yalishuka kwa asilimia 5.4, na mkuu wake alikiri kwamba mzozo ulichangia, pamoja na mfumuko wa bei.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nitilie shaka somo lililochukuliwa kwenye vyumba vya bodi, kwamba usalama uko katika kutowaonyesha watu hawa. Bud Light ilinunua amani kwa udhamini mkubwa wa UFC, mashindano ya mapigano ya ngumi na mateke, na Februari 2024 Donald Trump mwenyewe akasema ipewe nafasi ya pili, lakini wanywaji waliokwishazoea bia nyingine hawakurudi kwa amri. Target ilipunguza bidhaa za Pride mwaka 2024, kisha Januari 2025 ikafuta malengo yake ya kuajiri na kununua kwa kuzingatia usawa. Safari hii waliosusia walikuwa wateja weusi, wakiongozwa na wachungaji wa makanisa, na katika robo ya kwanza ya 2025 mauzo yake linganifu yalishuka kwa asilimia 3.8. Kwa wateja hao pia, duka jingine lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.